Mjomba, Julai Tunakwenda Durban

Maswali ya wasomaji kuhusu kazi ya muziki. Mjomba anajibu kutoka Lindi.

*Shikamoo Mjomba. Mimi ni prodyuza wa hapa Chikongola, Mtwara. Tumejikusanya sita, wasanii na maprodyuza, tumempata mtu wa kutusaidia nusu ya nauli, na Julai tunakwenda Durban kwenye soko la filamu. Tunachotaka ni nyimbo zetu ziingie kwenye filamu na tamthilia za watu. Fulana tumeshachapa, flashi zenye nyimbo 40 zipo, na tumeomba nafasi ya kupiga sindimba yetu ya kisasa siku ya ufunguzi. Tumesahau nini?*
*Prodyuza, Chikongola*

Marahaba, mpwa wangu. Fulana zivaeni. Flashi ziacheni hapo hapo Chikongola, maana mtu mwenye filamu ambayo haijatoka hachomeki flashi ya mgeni kwenye kompyuta yake, hata mgeni awe mcheshi namna gani. Mlichosahau ni karatasi, na karatasi hizo zinatafutwa Mtwara. Mkifika Durban bila hizo mtakuwa mmekwenda kutembea.

Kwanza mjue mnakwenda kwa nani. Soko hilo, Durban FilmMart, lilianza mwaka 2010 na hufanyika Julai, sambamba na tamasha la filamu la Durban lililoanza 1979. Wengi wanaokaa kwenye meza zake za mikutano ni waongozaji na watayarishaji wanaotafuta fedha za kutengeneza filamu ambazo bado ni maandishi. Mtu utakayezungumza naye Julai hii anaweza kuhitaji wimbo baada ya mwaka mmoja au miwili, akishapiga picha na kuingia kuhariri. Kwa hiyo anayewaambia mtarudi na hela mkononi anawadanganya. Mnakwenda kuchukua majina, na kujua filamu ya nani imefika wapi.

Na yuko mtu mmoja ambaye wengi humpita bila hata kumsalimia: mhariri wa picha. Hollywood wana msimamizi wa muziki, mtu ambaye kazi yake ni kutafuta nyimbo na kuzifuatilia ruhusa zake. Filamu zetu nyingi za Afrika hazina bajeti ya mtu huyo. Wimbo unachaguliwa na mwongozaji akiwa amekaa na mhariri, na mara nyingi mhariri ndiye aliyeuweka mwanzo, kwa muda tu, ili picha isiwe kimya. Mwongozaji akishauzoea, kuutoa ni kazi. Mimi mhariri mmoja mwenye folda ya nyimbo zenu namwona ana thamani kuliko rundo la kadi za watayarishaji.

Sasa karatasi. Wimbo mmoja una haki mbili ndani yake: utunzi, yaani maneno na tuni, na ile rekodi yenyewe ambayo studio mnaiita masta. Mwenye filamu anahitaji ruhusa ya zote mbili, kwa maandishi, kutoka kwa kila mwenye sehemu. Ikikosekana sahihi moja, televisheni au kampuni ya mtandaoni itakayotaka kuinunua filamu itaogopa, na mwenye filamu atautoa wimbo wenu aweke mwingine. Mnada wa korosho mnaujua. Mnunuzi hanunui kwa kuambiwa tu kwamba korosho ni nzuri; anataka kujua daraja lake, ghala zilikolala na chama kilichozipeleka. Wimbo wa filamu nao unanunuliwa hivyo hivyo.

Hivi karibuni kijana mmoja wa Ligula alinifungulia wimbo wake kwenye kompyuta, anataka nimwambie kama unafaa. Unafaa mno: mwendo wa taratibu, ngoma za Kimakonde chini, sauti ya kike inaitikia kwa mbali. Nikamuuliza, huyu dada ni nani? "Jirani, alikuja tu kuitikia, nikampa hela ya bodaboda." Besi kapiga nani? "Hiyo biti niliishusha YouTube, ilikuwa ya bure." Bure kwa matumizi gani? Akanyamaza. Ngoma je? Alizirekodi mwenyewe kwa simu, Tandahimba, kwenye sherehe ya kutoka jandoni. Nikavaa hedifoni. Dakika ya pili, nyuma ya ngoma, simu ya mtu inaita, na mlio wake ni kiitikio cha msanii mkubwa wa Dar, kinasikika mwanzo hadi mwisho. Wimbo mzuri hivyo, una wenyewe watatu ambao hawajaulizwa, na wa nne ana mawakili.

Unatibika. Jirani anaitwa, anaandikiwa kilicho chake, anasaini. Biti za bure za mtandaoni kwa kawaida haziruhusiwi kwenye kazi ya biashara, na hata zile za kulipia kwa bei ndogo mara nyingi mkataba wake unaikataza filamu. Kwa hiyo besi ipigwe upya na mpiga gitaa wa hapa hapa, na jina lake liandikwe. Kipande chenye mlio wa simu kinakatwa, kinabandikwa kipande safi cha kabla yake. Wapiga ngoma wa Tandahimba nitawagusa kwenye barua inayofuata, maana hao wana mambo yao.

Kwa kila wimbo mtakaoubeba, kaeni chini mwandike karatasi ya mgawanyo. Majina kama yalivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, ya jukwaani pembeni, namba za simu, nani ana asilimia ngapi ya utunzi, nani ana asilimia ngapi ya masta, tarehe, sahihi. Kila upande ujumlishwe ufike 100 kamili. Nakuambia mapema, mtagombana kwenye masta: msanii atasema "nililipia studio", na wewe utasema "mafaili yako kwangu". Gombaneni sasa, mkiwa na chai mezani, mmalize. Kisha andikeni karatasi ya pili, fupi: nani anaruhusiwa kusaini kwa niaba ya wote, na bei ya chini anayoweza kuikubali bila kumpigia mtu simu. Mwenye filamu akiandika Alhamisi jioni anataka jibu Ijumaa, na siku hiyo mwenzenu mmoja atakuwa Nanyumbu, shambani, hakuna mtandao.

Hakimiliki haisubiri usajili. Tanzania tumo kwenye Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, tangu 1994, na kazi inalindwa tangu inapozaliwa. Hata hivyo sajilini COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya hapa kwetu. Siku mtu akisimama kusema wimbo ni wake, cheti chenye tarehe kinapunguza maneno. Hakikisheni pia kila rekodi ina namba yake ya ISRC, kitambulisho cha rekodi, ile ya herufi na tarakimu 12. Kama wimbo umeshapandishwa kwenye majukwaa ya kusikiliza muziki, namba hiyo mnayo tayari, ulizeni aliyewapandishia.

Nyimbo 40 hakuna atakayezisikiliza. Chagueni nane ambazo karatasi zake zimekamilika, hata kama ile mnayoipenda kuliko zote itabaki nyumbani. Kila wimbo uwe na nakala nne: wimbo mzima, biti tupu, wimbo usio na matusi kama yamo, na vipande kimoja kimoja, ngoma peke yake, besi peke yake, sauti peke yake. Biti tupu ndiyo inayotumika mara nyingi zaidi, kwa sababu mhusika akianza kuongea, mwimbaji lazima anyamaze. Za kusikiliza ziwe MP3, na ndani ya faili mwandike jina la wimbo, watunzi, simu na barua pepe, maana faili likishahamishwa kompyuta tatu hakuna anayekumbuka lilitoka kwa nani. Za kazi ziwe WAV za ubora wa 24-bit na 48 kHz, kipimo cha watu wa filamu. Wekeni zote kwenye linki moja inayofunguka bila kudai nywila na isiyokufa baada ya wiki.

Maneno ya wimbo yaandikeni yote, Kimakonde kikiwa Kimakonde, na chini yake tafsiri ya Kiswahili na Kiingereza. Mwongozaji haweki kwenye mazishi ya filamu yake wimbo ambao anahofia unamsifia mbunge. Na mkiulizwa ni muziki wa aina gani, msijibu "Bongo Fleva yenye vionjo vya asili", kila mtu anasema hivyo. Semeni unafaa wapi: mtu anarudi kijijini baada ya miaka mingi, basi linaingia stendi alfajiri, hakuna aliyekuja kumpokea. Hapo mhariri anaanza kukuona.

Mikutano yenyewe ni mifupi, dakika 15 au 20, unaitwa mwingine. Orodha ya filamu zinazotafuta fedha hutolewa kabla. Isomeni yote, chagueni zile ambazo muziki wenu una kazi ndani yake, muwaandikie wenye filamu kabla hamjaondoka, nyimbo mbili au tatu kwa kila mmoja. Filamu ya mapenzi ya mjini Lagos haiwahitaji. Filamu ya wavuvi, ya wakimbizi waliovuka mto, ya bibi na mjukuu, hizo ndizo zenu.

Sindimba ya ufunguzi mimi nisingepiga. Watanzania tunaingia Afrika Kusini bila viza kwa matembezi na mikutano, mwisho siku 90 kwa mwaka, lakini kupiga muziki kwa malipo ni kazi, na kazi ina kibali chake. Tena msanii anayekwenda kutumbuiza nje anatakiwa kuwa na kibali cha BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, kabla ya kuondoka. Anzieni kwa Afisa Utamaduni wa halmashauri yenu. Yote hayo kwa ajili ya nusu saa jukwaani mbele ya watu wanaokunywa juisi.

Na sita ni wengi. Najua mtanuna. Nendeni wawili, mmoja anayejua mafaili na mmoja anayejua kuongea, nauli ya wale wanne ilipe gitaa la kupiga upya, tafsiri na mwanasheria wa kupitia karatasi. Julai yenyewe ni wakati wa kupiga salfa, ile dawa ya mikorosho. Wenye mikorosho nina hakika wana pa kuwa.

Pasipoti ni shilingi 150,000, na Uhamiaji watataka NIDA, kwa hiyo asiyenayo aanze leo. Barabara yetu ya kwenda Dar mnaijua. Mei 2024 ilikatika upande wa Kilwa, watu wakalala njiani. Julai ni kiangazi, lakini mfike Dar siku moja kabla ya ndege. Soketi za umeme za Afrika Kusini ni za miguu mitatu mikubwa ya mviringo, plagi zetu haziingii, nunueni adapta. Na wao wako nyuma yetu kwa saa moja.

*Mjomba, salaam. Sisi ni kikundi cha akina mama hapa Mingoyo, Lindi. Mwaka 2016 kijana mmoja alikuja kumrekodi nyakanga wetu, kungwi mkuu wa unyago, akiimba. Nyakanga alifariki mwaka juzi. Sasa tunasikia sauti yake imo kwenye wimbo wa huyo kijana, na kuna watu wa filamu wanautaka. Tukimuuliza anasema nyimbo za asili hazina mwenyewe. Ni kweli?*
*Katibu wa kikundi, Mingoyo*

Poleni na msiba, dada yangu. Kijana anasema nusu, na ile nusu aliyoiacha ndiyo yenye sheria.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ina sehemu ya sanaa za jadi. Ni kweli hakuna mtu mmoja anayeweza kusema wimbo wa jadi kautunga yeye. Lakini kuutumia kibiashara, nje ya mazingira yake ya asili, kunataka ruhusa, na mwenye mamlaka ya kuitoa ruhusa hiyo ni Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA. Tena anayeutumia anapaswa kutaja ulikotoka, jamii au mahali. Kijana akiwaambia watu wa filamu "hauna mwenyewe", wakapeleka mkataba kwa mwanasheria wao, swali la kwanza litakuwa: ruhusa ya jadi iko wapi?

La pili ni sauti. Wimbo ukiwa wa mababu, koo ni la nyakanga. Sheria inamtambua mwimbaji, na wale wapiga ngoma wa Tandahimba vilevile, kuwa na haki juu ya kile walichoimba au kukipiga kikarekodiwa. Je, siku ile nyakanga aliambiwa rekodi ni ya nini? Alisaini? Alilipwa? Kama aliambiwa ni ya kumbukumbu, au ya utafiti wa chuo, hiyo si ruhusa ya filamu. Watoto wake au wapwa zake waliorithi ndio wa kukaa na kijana sasa. Na kama kuna mashairi nyakanga aliyoyatunga mwenyewe, maana manyakanga wengine ni watunzi hodari, hayo yana hakimiliki kamili, na kwa sheria yetu inadumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake.

La tatu halimo kwenye sheria yoyote, na kwangu ndilo la kwanza. Ninyi wenyewe mnajua wimbo gani huimbwa uwanjani siku wanawali wanatolewa, kila mtu akisikia, na upi huimbwa ndani. Kabla ya kuongea hela, mwiteni kijana auchezeshe wimbo mbele ya wakubwa wa kikundi, kwa spika, mwanzo hadi mwisho. Mkisikia ni wa uwanjani, zungumzeni. Mkisikia ni wa ndani, mwambieni autoe, na kama ana akili atautoa, kwa sababu siku filamu hiyo ikionyeshwa Lindi hatakuwa na pa kukaa. Huo msiuwekee bei hata wakija na gari.

Mkikubaliana, msikubali "nitawakumbuka". Familia ya marehemu na kikundi viingie kwenye karatasi ya mgawanyo, kwa asilimia, kama mtu yeyote aliyemo kwenye wimbo. Na mwishoni mwa filamu, pale majina yanapopita, waandike jina la nyakanga, Mingoyo, Lindi, na lugha aliyoimba. Hilo haliwagharimu hata senti, ni kuliandika tu mkatabani kabla ya sahihi.

Wala msimfanye kijana adui kabla hamjamsikiliza. Inawezekana hajui, na mwenye hofu huwa mbishi. Mpeni chai kwanza.

*Mjomba shikamoo. Nilikwenda Zanzibar kwenye ZIFF, tamasha lao la filamu, nikakutana na watu wa filamu kutoka Ulaya. Wameupenda wimbo wangu, wamenitumia mkataba wa kurasa saba: dola 500, dunia nzima, milele. Wanataka nisaini kesho. Nisaini?*
*Mwimbaji, Newala*

Marahaba. Kesho usisaini. Keshokutwa, pengine.

"Dunia nzima" na "milele" zisikutishe. Filamu inauzwa nchi hii na ile kwa miaka mingi, na mwenye filamu hawezi kurudi Newala kila baada ya miaka mitano kuomba tena. Kinachonitisha mimi ni kitu kingine. Soma utafute kama unatoa ruhusa ya kuutumia wimbo ndani ya filamu hiyo moja, au unahamisha umiliki wa wimbo wenyewe. Wakati mwingine yote mawili yamefichwa ukurasa mmoja. Ya kwanza ni leseni, na kesho unaweza kumpa leseni mwingine. Ya pili ikipita, siku ukiuimba harusini unaimba wimbo wa mtu. Kifungu cha kuhamisha umiliki kikiwepo, kipigie mstari uwarudishie. Wenye nia njema watakitoa siku hiyo hiyo, wakisema kimebaki kutoka mkataba mwingine.

Kisha uliza 500 ni ya nini. Utunzi na masta ni haki mbili, na mikataba mingi mizuri huziandika kwa mistari miwili, kila moja na pesa yake, kwa kawaida sawa kwa sawa. Kama zote ni zako, jumla ndiyo hiyo. Kama prodyuza wako ana sehemu ya masta, tayari hela si yako peke yako, ujue hivyo kabla hujaahidi mtu bati.

Kama ni filamu ndogo isiyo na pesa, waombe kitu ambacho wenzetu wanakitumia sana: leseni ya matamasha kwanza. Unawapa bei ndogo kwa ajili ya kuonyesha kwenye matamasha kwa mwaka mmoja au miwili, na mkataba huo huo unaandika bei nyingine, mkubaliane sasa, itakayolipwa filamu ikinunuliwa na televisheni, sinema au mtandao. Hapo 500 inaweza kuwa haki kabisa. Dola 500 kwa kila kitu, milele, kwa filamu ambayo kesho inaweza kununuliwa na kampuni kubwa, hiyo mimi naiona ndogo. Tangazo la filamu pia liwe na bei yake, kwa sababu wimbo kwenye tangazo unasikika kuliko ndani ya filamu yenyewe.

Wadai mambo mengine matatu madogo. Walipe ndani ya siku 30 baada ya sahihi, si baada ya filamu kutoka. Makato ya benki ya kutuma yawe juu yao. Na wajaze orodha ya muziki uliotumika, yenye majina ya watunzi, asilimia zao na sekunde zilizotumika, na wakupe nakala. Orodha hiyo ndiyo vyama vya kukusanya mirabaha vinayoitumia kujua nani alipwe kila televisheni inapoonyesha filamu. Isipojazwa, filamu itaonyeshwa nchi kumi na jina lako halitaonekana popote.

Kipo na kifungu utakachokiruka kwa sababu kimeandikwa kwa herufi za usingizi: unaapa kwamba wimbo wote ni wako, na kwamba ikitokea si wako, hasara na gharama za mawakili ni juu yako. Hicho hawatakitoa, na wana haki wasikitoe. Ndiyo maana nasema keshokutwa. Kesho itumie kumtafuta kila aliyegusa wimbo huo.

*Mjomba, kwa nini mnawapeleka vijana Durban wakati nyimbo zinanunuliwa Los Angeles? Mimi nina ndugu huko, atanipokea.*
*Msanii, Masasi*

Ni kweli zinanunuliwa huko. Waingereza wanajua, chama chao cha makampuni ya rekodi, BPI, hupeleka ujumbe Los Angeles kwa kazi hii moja tu ya nyimbo za filamu, televisheni na matangazo, wakae na wasimamizi wa muziki. Lakini wana serikali nyuma yao na katalogi zilizokwisha kusafishwa. Wewe una ndugu.

Viza ya mikutano ya biashara ya Marekani ni B-1, na tangu mwishoni mwa 2025 Marekani imewabana sana Watanzania kwenye viza hizo. Usilipe ada wala tiketi kwa maneno ya wakala wa stendi. Soma tangazo la ubalozi wenyewe. Ukifanikiwa kuuza, Marekani hukata asilimia 30 ya mrabaha unaokwenda kwa mgeni asiye na mkataba wa kodi, na Tanzania hatuna mkataba wa kodi nao. Afrika Kusini tunao, ndiyo maana nawaambia vijana wachukue TRA cheti cha ukaazi wa kodi, kinachoonyesha kwamba ni mlipakodi wa Tanzania, kabla ya kudai malipo. Na jambo linalowashangaza wengi: sinema za Marekani hazimlipi mtunzi mrabaha filamu inapoonyeshwa. Televisheni zao zinalipa. Kwa hiyo ya sinema ni ile ya mkataba tu, ukipunjwa hapo umepunjwa.

Hela ya tiketi ifanyie studio. Msimamizi wa muziki wa huko anasikiliza linki, na mkiongea kwa video, saa tatu asubuhi yao wakati wa Julai ni saa moja usiku Masasi. Umeshakula, umeoga.

*Mjomba, Kiingereza changu ni cha kuombea maji. Niende Durban hivyo hivyo?*
*Mpiga marimba, Kilwa Masoko*

Nenda. Kariri sentensi tano: jina lako, unakotoka, wimbo unafaa tukio gani, nani anasaini, na linki iko wapi. Ukiulizwa bei usiitaje kwa mdomo. Mwambie utamwandikia jioni hiyo hiyo, halafu mwandikie kweli, mpwa wako wa sekondari akusaidie kusahihisha.